Siku Mto Uliponipeleka kwa Mama Mkwe

Jamani, aibu hii nilitaka niende nayo kaburini, lakini kwa kuwa ile picha imeshazunguka kwenye simu za mtaa wetu wote wa Kikula, na juzi muuza mikate amenisalimia "Papa Nanasi" mbele ya watoto wangu, afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikiliza watu ambao hawakuwepo na wanaongeza chumvi. Ndiyo, yule mtu aliyejifunga kitenge pale katikati ya wanakwaya ni mimi. Dikoni wa kanisa. Baba wa watoto. Na kitenge si changu.

Mambo yalianza na mama mkwe wangu, Mama Ngalula, mama mzazi wa mke wangu Béa. Alikuwa ametoka Mwene-Ditu kuja kututembelea, na katika kukaa kwake akalipenda kanisa letu dogo (lile la mabati ya bluu, ambalo majirani wanalalamikia ngoma zake), akasema anataka abatizwe, azamishwe mzima mpaka nywele zilowe, kabla hajapanda treni ya Jumatatu kurudi kwao. Sote tulifurahi. Shida ilikuwa maji. Mchungaji wetu, Josué, amezoea kubatiza kwenye tanki la plastiki lililokatwa juu, nyuma ya kanisa, kwa sababu vijito vya hapa mjini mnavijua, vingine vina rangi ambayo hata bata hawaipendi. Mama Ngalula alipoonyeshwa lile tanki alilizunguka, akachungulia ndani, akamgeukia binti yake.

"Béa, ambia pastere asema minye siko muhogo baniloweke mu tanki. Minye nataka mayi yenye kutembea."

Maji safi yenye kutembea, kwa sisi watu wa Likasi, ni mto wa kule parki, hifadhi ya serikali. Mnaujua: unafika kwenye kizuizi, walinzi wanakufungulia, wanakupeleka mpaka kwenye mchanga, wanakuonyesha hapa ogeni, hapa msiguse, unarudi nyumbani jioni ukiwa umeungua pua. Basi mimi, kwa kutaka kumfurahisha yule mama, nikasema, "Béa, ambia mama asema mambo ya parki iko mu mikono yangu, balinzi ba kule banajua minye." (Walinzi walikuwa wananijua kiasi hiki: mwaka mmoja nilikula mahindi ya kuchoma karibu nao.)

Mnaona ninavyosema "Béa, ambia mama"? Wasio wa kwetu lazima niwaeleze. Sisi watu wa asili ya Kasai, mtu na mama mkwe wake hawazoeani hovyo. Haongei naye ana kwa ana, ujumbe unapita kwa mtu wa tatu hata kama mmeketi chumba kimoja. Akija njia hii, wewe unakata ile. Tangu nimwoe binti yake Mama Ngalula hajawahi kuniona nikitafuna. Wiki nzima alipokuwa kwetu mimi nilikula jikoni, nimesimama, mlango umefungwa, na sikuona taabu yoyote, maana yule mama anaheshimika na mimi nampenda, na heshima ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo ya kumwambia.

Jumamosi tukapanda lori la ndugu mmoja wa kanisa anayebeba mawe ya machimbo kule Kambove. Mama Ngalula mbele na mchungaji, amefunga kitambaa kipya kichwani, na mkobani ana kitenge cheupe cha kubadilisha baada ya maji. Sisi wengine nyuma, na kwaya ikaimba njia nzima. Mimi nilikuwa nimevaa suruali ya suti niliyoolea, imepigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata nyanya, na juu yake kanzu nyeupe ya udikoni.

Tukafika. Kizuizi kiko chini, kimefungwa mnyororo, na juu yake kipande cha katoni kimeandikwa kwa mkaa: GRÈVE, yaani mgomo.

Pembeni, chini ya kibanda cha bati, mlinzi mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, redio sikioni. Hana yunifomu. Amevaa kaptura na jezi ya mpira. Jina lake Mwamba, nililijua baadaye, katika hali ambayo mtu hapendi kutambulishwa.

"Tata, tufungulie," nikamwambia. "Tuko na mubatizo."

"Tuko mu grève, tata. Ofisi yote ya serikali iko mu grève, hata siye."

"Sasa unatukataza?"

Akapunguza sauti ya redio. "Sikukataze. Nikifungua barrière, ni kazi. Nikikataza muntu, ni kazi vilevile. Minye niko naikala tu."

"Basi tuonyeshe njia ya kuzunguka."

"Kuonyesha njia, tata, njo kazi kabisa."

Mchungaji akanivuta mkono. "Ndugu dikoni, tumuulize muzuri, pengine iko fasi ingine." Hapo ndipo. Hapo hapo. Kama ningemruhusu mchungaji aulize swali lake, leo ningekuwa mtu wa kawaida na muuza mikate angeniita kwa jina langu. Lakini Mama Ngalula alikuwa ameshashushwa kwenye lori, ameegemea fimbo yake, anatazama kile kizuizi, na uso wake umeanguka. Nami nilikuwa nimesema mambo yako mikononi mwangu.

"Pastere, fasi gani tena?" nikasema. "Njia ninaijua."

Tukapanga hivi: Mama Ngalula, ambaye goti lake halikubali vichaka, abaki pale langoni, aketi karibu na daraja dogo la barabara, mto unapopita chini. Sisi tukatayarishe mahali, kisha vijana wa kwaya warudi wambebe kwenye kiti. Béa alitaka kubaki na mama yake, mimi nikamwambia hapana, twende, tunarudi sasa hivi. (Na hilo pia.)

Tukazunguka kizuizi. Mvua zilikuwa zimeisha karibuni tu, nyasi zilitupita vichwa, sista mmoja wa sauti ya kwanza akapoteza kiatu, lakini mto tuliukuta. Mzuri, jamani, maji yanaonyesha mawe chini kama kioo. Kilichokosekana ni kitu kimoja ambacho sikukitilia maanani: zile fito zenye vitambaa vyekundu ambazo walinzi huzisimika kuonyesha mwisho wa mahali salama. Hakuna hata ufito mmoja. Nikaona tu mto, nikaona ni uleule.

Kwetu kanisani dikoni ndiye anayetangulia majini na fimbo, anapima kina, kisha mchungaji anafuata. Nikaangalia mto, nikaangalia suruali yangu ya arusi. Nikafikiria picha itakayopigwa, mimi kando ya mama mkwe wangu aliyebatizwa (kando, lakini kwa heshima, na Béa katikati), na suruali imelowa mpaka magotini. Nikaingia nyuma ya kichaka, nikaivua, nikaikunja vizuri juu ya jiwe. Kanzu ni ndefu, nani atajua?

Nikaingia. Wanakwaya wakaanza wimbo. Fimbo ikagusa mchanga, ikagusa mchanga, ikagusa mchanga, halafu haikugusa kitu, na mimi nikiwa tayari nimeshaifuata. Kanzu ikajaa hewa ikapanda mpaka shingoni, nikawa sioni kwa kitambaa, nikasikia kwaya imekata wimbo katikati, Béa analiita jina langu, kisha kanzu ikanaswa na tawi lililozama, nikavutana nayo, nikaona nikiing'ang'ania nitakufa nayo, nikachomoka. Kanzu ikabaki na tawi. Mimi nikaenda na mto.

Sasa mto ule unakwenda wapi? Swali hilo sikuwahi kujiuliza, na nilijiuliza pale pale, nikiwa nimelala chali naelea, nakunywa maji kila nikifungua mdomo kuomba. Nikapita jiwe la kwanza. Nikapita kona. Nikaona mnyororo wa kizuizi kwa upande wa nyuma, nikaona kibanda cha bati, nikaona daraja, na kwenye jiwe chini ya daraja, miguu yake yote miwili ndani ya maji akijipoza goti, Mama Ngalula.

Nawaapia, nilijaribu kurudi juu. Mtu anayezama alijaribu kuogelea kuelekea kwenye kuzama. Maana mwilini nilikuwa na kaptura ya ndani tu, aliyoninunulia Béa kwenye mitumba, ya njano, yenye picha za mananasi.

Yule mama akainua macho. Tukatazamana. Tangu nioe, ndiyo mara ya kwanza nikaona macho ya mama mkwe wangu ni ya kahawia. Ningeweza kufumba yangu, lakini yalikuwa yamekwama wazi. Akasimama na lile goti lake bovu, akaingia majini mpaka kiunoni, akanyoosha fimbo, akapiga kelele:

"Shika!"

Nikashika. Maji yakanivuta, naye akaanza kuteleza, akageuza kichwa juu kwa mlinzi aliyekuwa amesimama na redio yake mkononi.

"We mutoto! Ile grève yako iweke chini, kuya hapa!"

Mwamba aliruka na redio. Wakanivuta wote wawili mpaka kwenye mchanga, nikalala pale kifudifudi, maana kifudifudi mananasi yalikuwa machache. Kisha nikasikia mkoba unafunguliwa, na kitu laini kikaangukia mgongoni mwangu. Kitenge cheupe. Kile cha ubatizo wake. Na sauti ya Mama Ngalula, ambayo sasa ilikuwa imegeukia upande wa pili kabisa, kwenye barabara, ikasema kwa utulivu, "Tata mulinzi, ambia mukwe wangu ajifunike, asifwe na baridi."

Mwamba akanitazama mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwa yule mama. "Anasema ujifunike."

"Mwambie mama aksanti," nikasema mchangani.

"Anasema aksanti." Akafuta maji usoni. "Minye niko mu grève, lakini leo nimefanya kazi yote."

Ndipo wakatokea wengine, mbio, kwaya inalia, mchungaji amebeba kanzu yangu mikononi kama mtu anayebeba maiti ya mtoto, na Béa mbele yao bila kiatu hata kimoja. Aliponiona nimejifunga kitenge cha mama yake alisimama, akanitazama mimi, akamtazama mama, akaketi chini barabarani, akalia na kucheka pamoja. Mimi nililia tu. Siwafichi. Nililia kwa sababu siku ya yule mama nilikuwa nimeiharibu, Jumatatu anaondoka, na nguo yake ya ubatizo iko kiunoni kwangu.

Mchungaji akamwuliza mlinzi lile swali alilotaka kuliuliza tangu mwanzo. Mwamba akamjibu bila kusita, "Ile shimo tunaijua. Kila mwaka kisha mvua tunasimika fito na vitambaa, ju batu basipite. Mwaka huu ni grève, hakuna mwenye kusimika. Lakini hapa chini ya pont ya barabara maji iko ya kiuno, na mchanga muzuri. Hapa haiko parki, haiombe ruhusa ya muntu."

"Na ni maji ya mto uleule?" mchungaji akauliza.

Mama Ngalula ndiye aliyejibu, na alijibu akimtazama binti yake. "Béa, ambia pastere: kama hii mayi imebeba mukwe wangu toka kule mpaka hapa, njo ile ile mayi. Siye tuko mu grève na serikali yetu, mayi haiko mu grève. Tayari nimelowa mpaka kiuno, anibatize."

Akabatizwa pale pale, kwa kitenge chake cha safari, mpaka nywele zikalowa na kitambaa kipya kikaenda na maji asikijali hata kidogo. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa msichana. Kwaya ikaimba ule wimbo uliokatika, kutoka mahali ulipokatikia. Na mtu mmoja, simtaji lakini anajua kwamba najua, akapiga picha, na mimi nimo, nyuma kidogo, nimejificha kwa mchungaji ambaye bahati mbaya ni mwembamba. (Suruali ya arusi ilikutwa juu ya jiwe, kavu, mstari wake uko vilevile.)

Kwetu aibu ya namna hiyo haiachwi hivi hivi, inaondolewa kwa mbuzi. Jumapili nikamleta, jike, mweupe, na Jumatatu Mama Ngalula akapanda treni naye kwenye behewa la nyuma. Nikadhani yameisha. Lakini sasa kila akimpigia Béa simu, akimaliza kuuliza watoto, anashusha sauti, nami namsikia kutoka jikoni nikiwa nimesimama na sahani yangu, "Na mukwe wangu, suruali iko?" Béa anamjibu iko, na wanacheka mpaka salio la simu linakatika.

Basi nimeapa: nikikuta kizuizi kiko chini tena, cha parki au cha ofisi yoyote, nitamwacha mchungaji aulize, na suruali yangu sitaivua mbele ya mto hata kama ni ya hariri. Lakini niwaambie na hili, kisha mcheke mkimaliza. Miaka yote niliyokuwa mkwe wake Mama Ngalula ameniambia neno moja tu mwenyewe, bila mtu katikati, macho kwa macho, na pengine halitafuatwa na lingine mpaka mmoja wetu azikwe. Neno lenyewe ni "Shika." Nami bado nimeshika.