Gari la Daktari wa Meno

Kazini walimwita Mama King'ora, na jina hilo alilipenda ingawa alijifanya halimhusu. Alianza kuendesha gari la wagonjwa binti yake akiwa hajaota meno, na sasa binti huyo alikuwa na watoto wake wawili. Karibu kila dereva wa hospitali ile alikuwa amepita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewafundisha kukata kona bila mgonjwa kuteleza kwenye machela, na kupanda tuta kwa namna ambayo mwenye mfupa uliovunjika asingejua kwamba tuta limepita. Hakuna mtu mjini aliyekuwa amekimbia na gari kama yeye. Lakini raha ya mwendo hakuijua.

Angeijulia wapi? Kila alipokanyaga mafuta, nyuma yake palikuwa na mtu anayeugulia, au mtu aliyeacha kuugulia, jambo lililokuwa baya zaidi. Muuguzi wao, kijana mnene mchangamfu waliyembatiza Sindano, alikuwa akigonga kile kidirisha kati ya dereva na mgonjwa na kupiga kelele: "Dada, kanyaga! Dada, anatutoka huyu!" Naye alikanyaga, meno yameumana, macho mbele. Kwake mwendo kasi ulikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na sauti ya mama wa mtu akilia.

Ilikuwa imebaki miezi michache Mama King'ora astaafu, siku daktari wa meno alipomsimamisha pale yanapoegeshwa magari ya wagonjwa. Daktari alikuwa kijana mrefu, mwembamba, asiye na mke, na gari lake dogo alikuwa akilipaki kando ya ambulansi chini ya paa lile lile la mabati. Jinsi alivyokuwa akijikunja kuingia ndani kilikuwa kichekesho cha kila asubuhi.

"Mama, wewe watu wa magari wote unawajua," akasema. "Mimi nahamia ng'ambo. Hujui mtu atakayelipenda hili?"

Mama King'ora alikuwa akifuta kioo cha ambulansi. Akaweka kitambaa begani, akalizunguka lile gari taratibu. Lilikuwa fupi, la milango mitatu ukihesabu na ule wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake, rangi yake bluu iliyokaribia kuwa kijivu. Asiyejua angedhani ni kigari cha kupelekea watoto chekechea. Anayejua angeinama kidogo, kama alivyoinama yeye, akaona matairi mapana, breki kubwa zilizojaza rimu, na mabomba mawili ya moshi yaliyotokeza chini ya bampa. Ndani mlikuwa na gia sita za mkono na siti zinazomkumbatia mtu mbavuni. Injini ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na turbo ya kuiongezea nguvu.

"Kwa nini unamtafuta mtu mwingine?" akasema, kisha akashangaa kusikia mdomo wake umeshasema.

Daktari akacheka, akamrushia ufunguo. "Jumamosi lichukue. Lizungushe uone."

Jumamosi asubuhi akalipeleka kwenye barabara inayozunguka bwawa la maji ya mji, barabara iliyotoka kuwekwa lami, kona zake zimelala vizuri na magari ni ya kuhesabu. Mwanzoni aliendesha kama anabeba mayai. Kila baada ya muda jicho lilikwenda kwenye kioo cha kati, kumtazama mgonjwa, na kila mara halikuona kitu ila mwavuli wa daktari uliolala kwenye siti ya nyuma. Hakuna aliyegonga kidirisha. Hakuna aliyekuwa anamtoka mtu.

Ndipo akarudisha gia mpaka ya tatu, akakanyaga.

Gari lilishika lami kama paka. Lilimsukuma mgongoni, injini ikapandisha sauti, kona ya kwanza ikaja na kupita kabla hajamaliza kuiogopa, na ya pili akaiingia akicheka. Alicheka peke yake kama kichaa. Alipofika ukingo wa bwawa akaegesha, akazima, akaona mashavu yamelowa. Akajifuta haraka kwa mkono wa blauzi, amejikasirikia, kwa sababu mtu mzima hawezi kulia kwa sababu ya gari.

Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu mpole, mwenye unga masikioni siku zote na maneno ya kuchekesha hayamwishi. Jioni, chai ikiwa mezani, Mama King'ora akamweleza habari za gari. Akamweleza juu ya matairi, gia, na bei nzuri aliyotajiwa. Kiinua mgongo kingetosha na kubaki, hivyo fedha haikuwa shida. Habari ya kulia pale bwawani hakuitaja. Wala hakusema kwamba alikuwa hajawahi kukimbia na gari ambalo hakuna mtu anayekufa ndani yake. Maneno hayo hakuwa nayo wakati ule, yalimjia baadaye.

"Kama umelipenda, twende tukalione," mumewe akasema.

Wakaenda Jumapili, yeye na mumewe, binti yao na wale wajukuu wawili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa furaha tupu, bila ugomvi wa aina yoyote. Binti alijaribu kumpitisha mtoto mdogo kwenda siti ya nyuma, akakwama kati ya mlango na siti, mkoba umemnasa shingoni. Mume naye akaingia mbele. Tumbo likaenda kwanza, magoti yakafuata na kugonga dashibodi, na siti ikammeza mpaka kichwa tu ndicho kilichoonekana dirishani.

"Mke wangu," akaita kutoka humo ndani, "kuingia nimeweza. Kutoka, mwite Sindano aje na machela."

Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Watoto wakaruka ruka. Binti, akijinasua, akasema, "Mama nawe! Kwa umri huu? Watu watafikiri Baba amekuacha, sasa unatafuta kijana wa kumpandisha."

"Na nikikuacha," mumewe akadakia, "hili ni gari gani la kubebea vyombo? Utaondoka na sufuria moja."

Mama King'ora akacheka pia. Alicheka kuliko wote, akimvuta mumewe mkono kumtoa garini, akasema hata yeye alikuja kutazama tu, kwa mzaha. Neno hilo, mzaha, alilitamka mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha.

Daktari alimpa mpaka mwisho wa mwezi aamue. Siku hizo alizitumia kuuliza watu, na aliuliza kama mtu anayetaka kukatazwa. Alikwenda kwa fundi wa karakana ya hospitali akamwambia, "Gari kama lile litakuwa na matatizo, sivyo?" Fundi, aliyeulizwa hivyo, akamtajia matatizo: liko chini, litakuna kila tuta. Matairi yake membamba ubavuni, shimo moja tu linapasua. Linataka petroli ya daraja la juu, na spea zake huwezi kuzikuta dukani mpaka uagize. Yote yalikuwa kweli. Mama King'ora aliyajua yote kabla ya kuuliza, tena alijua tiba ya kila moja. Barabara za kwake alizijua tuta kwa tuta.

Sindano peke yake ndiye aliyesema tofauti. Walikuwa wamemshusha mgonjwa, wamekaa kwenye ngazi ya nyuma ya ambulansi wakipumzika.

"Dada, nunua," akasema.

"Na wajukuu nitawabeba wapi?"

"Wana mama yao, wana baba yao, na basi la shule linawapita mlangoni. Wewe dada umebeba watu mji mzima. Hujachoka kubeba?"

Akamwambia aache upuuzi. Swali lile lilimkaa kifuani juma zima, lakini hakulijibu, na kilichobaki bila jibu kikajiamulia chenyewe. Mwisho wa mwezi ulipofika akapanda chumba cha daktari wa meno, akasimama mlangoni.

"Daktari, nimefikiri. Lile gari ni dogo mno kwangu."

Daktari akavua barakoa. "Una hakika, mama? Siku ile uliyolirudisha, nilikuona usoni. Nikajiambia, basi, limepata mwenyewe."

"Wajukuu," akasema.

"Sawa. Ila ningependa ulichukue wewe." Akasubiri kidogo, kama anampa nafasi. Mama King'ora akatazama sinia la vyuma vilivyong'aa, akasema asante, akashuka ngazi. Kwenye ngazi ya tatu hivi alitaka kurudi. Baadaye alikuja kusema kwamba mguu ulikuwa umeshageuka kabisa. Lakini kulikuwa na mgonjwa anapanda, shavu limevimba, akampisha, na alipokwisha kumpisha akaendelea kushuka.

Alistaafu, wakamfanyia sherehe ndogo, wakampa saa ya ukutani. Mwezi huo huo akanunua gari ambalo kila mtu alilisifu: refu, la viti saba, otomatiki, mlango mpana unaofunguka kwa kuteleza. Jeupe. Sindano alikuja kuliona, akalizunguka, akapiga bodi lake kofi.

"Dada, umebakiza king'ora tu!"

Akamtazama usoni, kicheko kikamkatikia. "Samahani," akasema. "Nilikuwa natania."

"Najua. Hata mimi nimeliona."

Na kazi yake ikawa ile ile. Jumatatu alimpeleka mama mkwe kliniki ya presha. Katikati ya juma aliwachukua wajukuu mazoezini. Mke wa jirani aliposhikwa na uchungu, mlango uliogongwa ulikuwa wa nani kama si wake? Hakuna aliyemwonea, kila mtu alimshukuru. Alikwenda mwendo wa wastani, akapiga breki mapema, na mama mkwe akawaambia watu kwamba kwenye gari la mkwewe unaweza kulala usingizi.

Miaka mitatu baadaye goti la kushoto likaanza kumsumbua, goti la klachi, lililokanyaga na kuachia tangu ujana wake. Daktari wa mifupa alilipiga picha, akamwambia kwamba gari la gia asiliguse tena, maana goti halitamudu. "Bahati nzuri unaendesha otomatiki," akasema. Mama King'ora akakubali kwamba ni bahati nzuri.

Baada ya hapo ndipo alipoliona. Alikuwa kwenye kituo cha mafuta, mama mkwe amekaa nyuma na mkoba wake wa dawa, gari la bluu ya kijivu likaingia upande wa pili wa pampu. Kabla hajageuka alilijua kwa mlio. Mlango ukafunguka. Alitegemea atashuka kijana mwenye kofia ya kugeuza nyuma. Akashuka bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zote, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alimzidi Mama King'ora umri, tena kwa mbali.

"Unalitazama," yule bibi akasema, akitabasamu. "Kila mtu analitazama, halafu ananitazama mimi."

"Nalifahamu. Lilikuwa la daktari wa meno."

"Kumbe! Ndiye aliyeniuzia. Nilikuwa mwalimu mkuu, mwanangu. Maisha yangu yote nimewaambia watoto wasikimbie." Akacheka. "Nilipoacha kazi, nikasema sasa zamu yangu."

"Watu nyumbani hawakukucheka?"

"Wakanicheka sana. Mpaka leo wananicheka." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akamtazama vizuri. "Wewe unajua kuendesha, naona kwenye macho yako. Chukua, zunguka nalo mara moja. Nakusubiri hapa."

Alikuwa amenyoosha ufunguo. Mama King'ora akautazama ukining'inia kwenye vidole vyembamba vya yule bibi, na mkono wake ukainuka kidogo, kisha ukashuka ukalishika goti.

"Mguu wangu," akasema. "Klachi nimekatazwa."

"Oh. Pole, mwanangu."

"Mkwe wangu," mama mkwe akaita dirishani kwa upole, "tutachelewa kwa daktari."

Yule bibi akalipa, akaingia, akaondoka. Kwenye mzunguko aliichelewesha gia ya pili, injini ikalalamika, halafu akaipata, gari likachomoka na kupotea nyuma ya malori. Mama King'ora alibaki amesimama mpaka mhudumu akamwuliza kama anataka kujaza.

Jioni ile alikwenda kukaa na mumewe kwenye chumba cha mikate, kama alivyofanya akiwa na jambo. Mumewe alikuwa akikata donge la unga. Akamsimulia kuhusu mwalimu mkuu, na safari hii akamsimulia na yale ya bwawani pia, kuanzia mwavuli kwenye siti ya nyuma mpaka machozi. Mumewe akaacha kukata.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nacheka."

"Na mimi ndiye niliyeanza."

"Ulikuwa utani, baba. Utani mzuri tu. Mimi ndiye niliyeuchukua nikaufanya jibu."

Mumewe akakaa kwenye gunia, mikono myeupe kwa unga mapajani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kuchekesha. Baadaye akasema wanaweza kutafuta jingine, yako madogo ya kasi ya otomatiki siku hizi, amesikia. Akasema atamwuliza fundi kesho.

"Acha," akamjibu. "Goti limekwisha, na hamu nayo ilikuwa ya wakati ule. Sasa nikilipata nitakuwa naliogopa."

Lile gari jeupe bado analo. Halijamsumbua hata siku moja, na watu wakimwuliza kama ni gari zuri la kununua, huwaambia ni zuri, wanunue. Binti yake tu ndiye aliyegundua kwamba mama yake hapiti tena barabara ya bwawa, hata pale ambapo ndiyo njia fupi. Alimwuliza sababu. Mama King'ora akasema kule kuna upepo, halafu akamwambia afunge mkanda.