Siku Tano Visiwani

Mke wangu ndiye aliyeleta wazo la kwenda visiwani. Alikuwa Maskati mwaka wa sita, akifanya kazi za ndani, na siku yake ya kupumzika ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa alasiri nilifunga kibanda changu cha kutengeneza friji hapa Pasiansi, Mwanza, nikarudi nyumbani, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, na binti yetu akaketi kando yangu.

"Ndege yangu inatua Unguja moja kwa moja," alisema Ijumaa moja. "Njooni tukutane huko mwezi wa sita, shule zikifungwa. Hatujawahi kwenda likizo kama familia, baba."

Kweli, hatukuwahi. Safari zetu zote zilikuwa za misiba, au za kwenda kuwaona wakwe zangu Ukerewe. Kufunga begi kwa sababu tu unataka kupumzika lilikuwa jambo la watu wengine.

Nikaanza kupanga. Siku tatu Unguja, siku mbili Pemba. Nilipiga simu nyumba moja ya wageni, mwenyewe akaniuliza tunataka vyumba vingapi. Nikamwambia kimoja kikubwa, chenye kitanda kidogo cha pembeni.

"Ni familia?"

"Ni familia," nikajibu, na neno lenyewe likanipendeza mdomoni.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi. Mama yake aliondoka yeye akiwa na minne, akaja likizo mara moja tu, wiki tatu. Mtoto alizimaliza karibu zote akiwa amejificha nyuma yangu.

"Baba, bahari nayo ina kichocho?" aliniuliza jioni moja. Sikuwahi kumruhusu kuingia ziwani.

"Haina."

"Kwa hiyo nitaingia. Mama anajua kuogelea?"

"Sana. Si amekulia kisiwani, Ukerewe?"

"Sikujua," akasema, kama mtu aliyeambiwa habari za mgeni.

Mimi nilikuwa na mpango mwingine ambao sikumwambia mtu. Mkataba wa mke wangu ulikuwa unaisha mwezi wa tano. Kwa akili yangu, baada ya siku hizo tano tungerudi wote watatu. Nikapaka rangi chumba chetu. Nikanunua kabati lenye kioo, maana la zamani lilikuwa limejaa nguo zangu na vipuri. Sikumuuliza mwenyewe. Niliona ni jambo linalojulikana.

Ijumaa moja nikaenda kwa wakala wa tiketi, Nyamagana. Dada wa pale kaunta akaandika majina yetu ya kwenda, kisha akauliza kurudi tutakuwa wangapi.

"Watatu," nikasema. Nikatoka mlangoni kumpigia mke wangu, nipate jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

"Jina langu la nini?"

"La tiketi ya kurudi Mwanza."

Nilisikia feni ikizunguka huko aliko.

"Kata mbili, baba."

"Na wewe?"

"Nimeongeza mkataba, miaka miwili. Nilitaka nikwambie tukiwa tumekaa pamoja, kulekule."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka yule dada aliinua macho niliporudi, nikamwambia ni wawili, naye akafuta na kuandika upya bila kuuliza neno.

Nilitembea hadi ziwani, nikakaa juu ya jiwe. Watu walikuwa wanapiga picha, wengine wanakula samaki. Nilitamani mtu yeyote anisalimie. Hakuna aliyenisalimia, na sababu haikuwepo, maana hawakunijua.

Nyumbani nilimkuta binti yangu anamenya ndizi. Nikachukua kisu kingine.

"Mama hatarudi na sisi," nikamwambia.

"Najua. Aliniambia."

"Lini?"

"Siku ile ulipoacha simu kwenye chaji."

"Mbona hukuniambia?"

Aliendelea kumenya. "Ulikuwa unapaka rangi chumba," akasema.

Tulikwenda. Bahari ilikuwa nzuri kama wanavyosema. Mama na mtoto walishinda majini, na siku ya tatu nikamsikia binti akimwita kwa sauti, bila woga, "Mama, njoo uone!" Mimi nilikaa mchangani, nikilinda viatu na taulo. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini ilikuwa furaha ya kutazama.

Siku ya mwisho, uwanja wa ndege wa Unguja, ndege yake ilitangulia. Alimkumbatia mtoto muda mrefu, kisha akanipa mikono yote miwili, kama anavyosalimiwa mkwe.

"Nisamehe, baba."

"Safiri salama," nikasema. Yalikuwepo maneno mengine, nilikuwa nayo tangu Nyamagana, ila hayakutoka.

Sisi tulibaki kwa saa tatu nzima tukingoja yetu. Binti alilala kwenye viti, kichwa mapajani mwangu, miguu yake mirefu ikikaribia kumgusa abiria wa pembeni. Mguu wangu ukafa ganzi. Sikuusogeza.