Nilivyopika shira ya maple Johannesburg kwa akili ya mgema ulanzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie. Sina cha kuuza wala namba ya kutumiwa hela. Ni jambo lililonitokea mwenyewe winter hii hapa Johannesburg, na shahidi ninaye: mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunipendelea hata siku moja.

Mimi ni mtu wa Iringa, fundi wa matengenezo kwenye jengo moja la ofisi hapa Randburg. Mke wangu Thandi ni Msauzi aliyezaliwa Morogoro, maana wazazi wake waliishi kule enzi za kupigania uhuru. Tunaishi kwa mama yake.

Sasa huyo mama Kiswahili anakijua vizuri tu. Ila miaka saba ya ndoa yetu hajawahi kuniambia neno moja la Kiswahili. Ni Kizungu mwanzo mwisho, na jina langu kwake ni "Iringa". Thandi aliniambia nisichukulie vibaya. Baba yao alizikwa Morogoro, na mama aliporudi kwao alikiacha Kiswahili huko huko.

Nilielewa. Lakini iliniuma, sitaficha.

Twende kwenye mada.

Uani kuna mti mkubwa ambao majani yake yanaziba gata ya maji ya paa kila mwaka. Mwezi wa saba mama akaamua ukatwe, akapigia simu watu wa kukata miti. Wakati tunawasubiri akanituma nipunguze tawi lililolalia paa.

Nikakata. Ilikuwa saa sita mchana, jua zuri, ingawa asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Pale nilipokata pakaanza kudondosha maji. Nikalamba. Utamu kwa mbali.

Mtu wa Iringa akilamba maji matamu ya mti, akili inaenda moja kwa moja kwenye ulanzi, ile pombe yetu ya maji ya mwanzi. Nikaingia mtandaoni, nikakuta mti wenyewe ni box elder, ndugu wa damu wa maple, ule mti wa Canada, na maji yake unayachemsha mpaka yanakuwa shira. Yanatoka sehemu ambayo usiku kunaganda na mchana kunapata joto.

Wakuu, hiyo si ndiyo Joburg ya mwezi wa saba?

Jumapili mezani nikatangaza, tena kwa sauti: Mama, usikate mti, nitakupikia shira ya maple.

Akaweka uma chini. Kumbe enzi zile za kupigania uhuru chama kilimpeleka Canada kusoma miaka miwili, shira yenyewe anaijua! Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Eish, Iringa. Fine. Two Saturdays. Then it's firewood."

Yaani nina Jumamosi mbili, nikishindwa mti unakuwa kuni. Na mimi nakuwa kichekesho cha ukoo mzima mpaka nizeeke.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Nilitoboa kwa drill shimo la kina cha kidole gumba, nikachomeka kipande cha mpira, chini ndoo yenye mfuniko. Halafu video zote zinasema toboa upande wa kusini unaopigwa na jua. Hao wako Ulaya na Amerika! Huku jua la winter liko kaskazini. Nikatoboa kaskazini, ndoo ikajaa. Hapo nilijiona engineer.

Kosa likaja kwenye hiyo hiyo ndoo.

Kwetu mgema haoshi mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi. Anaacha masalia ya jana ili ya leo yachangamke haraka. Nimekua naona hivyo, na mikono yangu ikafanya hivyo bila kuniuliza. Kila jioni namimina, naacha kidogo chini, narudisha ndoo. Niliyomimina naweka stoo, wala si kwenye friji.

Jumamosi ya kwanza maji yalikuwa na ukungu na harufu ninayoifahamu vizuri sana. Nikajipa moyo, nikachemsha. Kilichotoka ni kitu cha kahawia, kichachu, kinavutika kama mlenda. Mama akaonja, akatema kwenye sinki, akaniuliza swali moja tu.

"Did you wash the bucket?"

Niliosha ndoo? Mtu mzima nikaenda kuinusa.

Wiki ya pili nikaosha ndoo kwa maji ya moto kila jioni. Thandi akatoa nyama kwenye friji kupisha maji ya mti, na hapo ndipo nilijua mke ninaye.

Jumamosi asubuhi nikawasha kuni uani pale tunapochomea nyama, nikaweka sufuria pana. Msichemshie ndani, mvuke unabandua rangi ya dari, na dari ni ya mama. Yakipungua naongeza, yakipungua naongeza. Povu likipanda natupia kipande cha siagi, linatulia. Jioni ndoo nne zimekuwa kikombe kimoja na nusu, shira inadondoka kwenye kijiko kwa uzito kama asali.

Mama akaja na koti lake. Akachovya kidole kwenye shira niliyokwisha kuimimina kikombeni, akafumba macho. Nikaanza kukumbuka makosa yangu yote tangu harusi. Nikachukua sufuria niende bombani, angalau nionekane nina kazi.

"Usiioshe hiyo. Niletee kijiko."

Kwa Kiswahili, wakuu. Cha Morogoro kabisa.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akawa anakwangua sufuria huku ananisimulia theluji ya Canada, na barua za mumewe zilizokuwa zinamfuata huko kutoka Morogoro. Mimi nachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa, sitaki aone macho yangu.

Jumatatu watu wa miti wakaja. Aliwapa kazi ya kusafisha gata.

Funzo nililopata: ujuzi wa nyumbani ni mali, asiyekulia kwenye ulanzi asingelamba lile tawi. Ila si kila tabia ya mgema inafaa kila mti.

Wenzangu wa Joburg mlio na mti huu uani, semeni mmefika wapi. Na watu wa ulanzi njooni mnitetee hapa, najua mtanisema.

Nikichelewa kujibu mjue niko uani. Mama ananiuliza kwa Kiswahili kama ndoo nimeosha.