Kengele ya Msafara wa Mwisho

Jumamosi nilikuwa katika makumbusho yetu mapya hapa Tabora, lile lililokuwa banda la punda nyuma ya boma la Waingereza, sasa limepakwa chokaa, alipoingia bibi mmoja aliyeshuka treni kutoka Igalula. Akasimama mbele ya kengele ya shaba ya misafara ya zamani.

"Ipige niisikie, mjukuu wangu," alimwambia karani wa makumbusho. "Mume wangu alikwenda pwani na mzigo wa pembe za ndovu, mpaka leo hajarudi. Kengele ya msafara wao naijua."

"Hairuhusiwi kugusa, bibi."

"Mimi siigusi. Gusa wewe."

Karani alitazama mlangoni, akaipiga mara moja. Bibi alifumba macho, na mkono wake ukaanza kuweka sawa kanga begani, kama mtu anayetoka nje kupokea mgeni. Sauti ilizunguka chini ya bati mpaka ikaisha.

"Siyo yao," alisema. "Yao ilikuwa nzito zaidi."

"Pole, bibi."

"Pole ya nini? Basi bado wako njiani."

Akarudi zake stesheni. Chini ya kengele pameandikwa: "Kengele ya msafara wa mwisho." Nimemshauri karani afute yale maneno "wa mwisho".