Kufuli la Kisima

Siku mashine ilipotoboa hadi kwenye maji, wamama wa mtaa walipiga vigelegele. Walikuwa wamepanga ndoo tangu asubuhi, kwa sababu kwetu sisi tuliotoka Kongo, tangu kule kambi ya wakimbizi ya Kenani, mashine ya kutoboa ni mashine ya kunywesha watu. Hiki hakikuwa kisima cha kunywa. Tulikitoboa ili kupima sumu, mahali palipokuwa na matangi ya mazuti, yaani dizeli, zamani, na udongo tuliouchota ulinuka kama nguo za fundi wa magari.

Mkubwa wetu wa kazi alinisainisha karatasi: nisimwambie mtu neno mpaka majibu ya maabara yarudi, ama kazi sina. Nikafunga kifuniko, nikatia kufuli.

"Baba, juu ya nini unatukatalia mayi?" akauliza mama mmoja.

"Mungoje kwanza, kazi haiyaisha," nikajibu. Uongo wa mchana kweupe! Wakabeba ndoo zao, wakaenda kuchota kwenye kisima chao cha siku zote, kilichochimbwa kwa jembe hatua chache kutoka pale, katika udongo uleule.

Saa sita nilirudi nyumbani kula. Mke wangu aliweka bukari, ugali wetu, na samaki, akanijazia kikombe cha maji. Sikuuliza ameyachota wapi. Ndoo yake nilikuwa nimeiona kwenye mstari wa wale wamama. Akasimama akiningoja ninywe. Kukataa kungekuwa kusema.

Nikanywa yote. Akakijaza tena kikombe, akamwita mtoto wetu.