Chui Mweusi Niliyemtangaza Kijijini

Mimi ni bwana shamba wa huku Uluguruni, mwenye diploma yangu, na siku zote niliwacheka wanaosema chui weusi wapo. Juzi asubuhi nikamwona mmoja ng'ambo ya bonde, kajilaza juu ya jiwe, kanikodolea macho ya njano. Nikatuma picha kwenye kundi la kijiji: “Fungieni mbuzi na watoto!”

Bwana shamba akishasema, nani abishe? Wanaume wakaja na mapanga, tukamnyatia kwenye majani, mimi mbele. Mara bibi mmoja akatoka nyumbani kwake, akamshika chui masikio, akamkung'uta vumbi.

“Shikamoo, bibi,” nikanong'ona.

“Marahaba, mwanangu. Mapanga yote hayo ya kunisaidia kukunja blanketi langu la picha ya chui?”