Matairi Yaliponyamaza

Roelfien Wiersum hakuwahi kutaka kukaa mbele. Tangu usichana wake nafasi yake ilikuwa kwenye keria ya baiskeli, miguu yote miwili upande mmoja, mkono mmoja umemshika Popko kiunoni na mwingine umebeba mfuko wa viazi. Alijua kuirukia keria baiskeli ikiwa mwendoni bila kumyumbisha anayeendesha. Mchana Popko aliendesha basi la mji wa Groningen, jioni alimwendesha mkewe, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna kati yao aliyeona sababu ya kubadilishana.

Kisha macho ya Popko yakaanza kufa, kwanza pembeni, halafu katikati. Kazini walimuaga kwa keki. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha dirishani, na hapo akakaa majira yote ya baridi. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Roelfien. Huyu alikuwa mtu wa kubishana na redio. Sasa redio ilisema ilichotaka naye akanyamaza, ndevu zikamwota, soksi akavaa zilezile mpaka aambiwe. Jioni moja Roelfien alirudi kutoka duka la mapazia alikokuwa akishona, akamkuta gizani. Kwa Popko giza na mwanga vilikuwa vimekwisha kuwa kitu kimoja, hilo alilijua. Lakini alisimama mlangoni, kidole kwenye swichi, akahisi kama ameingia nyumba yenye maiti.

Theluji ilipoyeyuka akanunua baiskeli kuukuu ya watu wawili, ndefu kama ngazi ya mpaka rangi, akajifunza kukaa mbele. Kona ya pili tu Popko alikuwa akimtukana dereva wa lori ambaye hakumwona, akisema injini inakohoa kwa sababu mwenyewe ni mvivu. Roelfien alilia huku akikanyaga. Akasingizia upepo.

Tangu siku hiyo Popko alimwita dereva, naye akamwita abiria, na abiria alisema njia nzima. Alijua kila shimo la mji ule kwa kichwa.

Hofu ilimwingia Roelfien Novemba, baada ya miaka saba ya kuendesha. Walikuwa wakikata kona kwenye majani yaliyooza kwa mvua, gurudumu la nyuma likateleza upana wa kiganja, likarudi. Hawakuanguka. Popko alikuwa katikati ya hadithi na hakuikatiza. Kuanzia hapo, kila kona yenye maji, kila mfuniko wa chuma, kila mstari mweupe wa kivuko, miguu ya Roelfien ilisimama yenyewe kabla hajaiamuru. Usiku aliota kichwa cha Popko kikigonga ukingo wa barabara. Alikusudia kumwambia. Kila alipofungua mdomo alikiona kile kiti, akaufunga.

Januari mama yake Popko alitimiza miaka tisini na moja. Walikwenda kwenye makao ya wazee upande wa pili wa mji, mvua nyembamba ikiwapiga usoni. Roelfien alifika mgongo wake umelowa jasho chini ya koti la mvua. Wakalizunguka duara la viti, wakampa kila mtu mkono na kumpongeza, kama ilivyo desturi ya huko, kwa siku ya kuzaliwa ya mama, ya bibi, ya jirani. Wakapewa kahawa na keki, halafu jibini ya vipande na haradali.

Derk, mdogo wake Popko, alikuwa dirishani na simu mkononi.

"Shemeji, tahadhari ya hali ya hewa imepanda, sasa ni rangi ya chungwa," alisema. "Mvua inaganda ikigusa chini. Gari langu liko hapo nje. Mwache huyu mbishi, wewe njoo."

"Chungwa ni tunda," Popko alisema. "Mimi nimepitisha basi zima kwenye barafu, sikugusa hata kuku."

"Ulikuwa na macho," mama yake alisema. "Na kuku walikuwa wanakujua, wanakimbia."

Duara lote likacheka, Popko zaidi ya wote.

"Mwenye macho sasa ni dereva wako," Derk alisema. "Tumuulize yeye. Eti, shemeji?"

Nyuso zikamgeukia. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, jepesi, la kutema tu. Popko alikuwa ameacha kutafuna. Alikishika kipande chake cha jibini hewani, uso ameuelekeza pembeni kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za daktari kwenye korido.

"Tutafika," Roelfien alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Ukumbini, wakivaa makoti, Popko aliinama sikioni mwake. "Nikipanda gari la Derk leo, Jumanne nitapanda kwenda kwaya. Wiki ijayo nitapanda kwenda kinyozi. Baada ya hapo mimi ni mzigo tu, nangoja kuchukuliwa."

"Najua, Popko."

"Basi twende, dereva."

Mwanzo haukuwa mbaya. Barabara kuu zilikuwa zimemwagwa chumvi, matairi yakavuma kwenye maji kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Taa zilikuwa zimewashwa ingawa ilikuwa alasiri. Roelfien alishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi ndani ya glavu. Alipumua kwa mdomo. Nyuma yake Popko alikuwa akisimulia jinsi Derk alivyofeli mtihani wa udereva kwa sababu ya bata, hadithi ambayo Roelfien aliisikia mara nyingi kiasi cha kuweza kuisema mwenyewe, na safari hii aliishikilia kama kamba. Almradi anasema, hatujaanguka.

Wakapanda daraja la mfereji, lile la kuinuka kupisha mashua, lenye sakafu ya mbao na chuma. Chini yake hakuna udongo wa kulipa joto, ni upepo tu.

Katikati ya daraja matairi yalinyamaza.

Hakukuwa na mtikisiko wowote. Ule mvumo wa maji ulikatika, na baiskeli ikaendelea kwenda bila sauti, kama iliyoinuliwa kutoka chini. Popko akaacha sentensi katikati. Miguu ya Roelfien ikasimama na, kwa kuwa mnyororo umeunganisha pedeli za mbele na za nyuma, miguu ya Popko ikasimama pamoja nayo. Mbele yao daraja liliteremka hadi kwenye taa nyekundu. Chini ya taa, kwenye barabara kuu, magari yalikuwa yakipita, na basi lilikuwa linakuja na madirisha yake yote yanawaka.

Vidole vyake vilitaka breki. Alijua kwamba akigusa breki wamekwisha. Alijua pia kwamba asipogusa wataingia chini ya lile basi. Gurudumu la mbele likaenda kushoto kidogo, likarudi, na katika kurudi kule alihisi uzito wa mumewe nyuma yake, kilo zake zote tisini, umetulia kama gunia la unga. Angejitingisha kidogo tu wangelala chini. Hakujitingisha, wala hakusema, na ukimya wake ulimtia Roelfien hofu kuliko barafu.

Kulia, daraja lilipoishia, kulikuwa na kipande cha nyasi na nguzo ya taa. Aliusogeza usukani kwa kiasi cha unene wa kucha. Baiskeli ikafikiri. Ikakubali. Nguzo ikapita karibu na goti lake, gurudumu likadidimia kwenye tope na nyasi zilizoganda, na wakaanguka polepole, kwa adabu, ubavu kwa ubavu, huku basi likipita mbele yao na kuwamwagia maji.

Roelfien alitambaa hadi alipo mumewe. Alimpapasa kichwa, shingo, mabega.

"Niko mzima. Acha kunikanda kama mkate."

"Sema jina la mama yako."

"Mama. Roelfien, niko mzima."

Popko akajiinua kwa kiwiko. Wakakaa kwenye nyasi.

"Nilisikia matairi yakinyamaza," Popko alisema. "Sikusema, maana ungeshtuka."

"Nilishtuka hata hivyo."

"Najua. Miguu yako inasimama kila kona tangu majani yalipodondoka. Nakaa huku nyuma nahesabu. Nilidhani umenichoka."

Roelfien alimgeukia. Maji yalikuwa yanamtiririka puani, na hakuwa na mahali pakavu pa kujifutia.

"Kukuchoka ni Jumapili, unapoimba bafuni," alisema. "Huku kwingine ni woga. Naogopa, Popko. Naogopa tangu tunatoka mlangoni mpaka tunarudi. Nilikusudia kukwambia nikashindwa. Siendeshi tena baridi hii."

Popko aling'oa jani moja la nyasi, likavunjika mkononi kwa ugumu wake.

"Basi nitarudi kwenye kiti," alisema.

Hilo ndilo Roelfien alilokuwa akilikimbia miezi mitatu, na sasa lilikuwa limesemwa, kando ya barabara, kwa sauti ya kawaida. Hofu ilimbana kifua kama ilivyombana darajani. Akangoja ipungue. Haikupungua sana.

"Rudi," alisema. "Kile ni kiti. Kina miguu minne, hakitelezi."

Popko hakucheka. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa tena kijani, na Roelfien hakuomba radhi.

"Vua viatu," hatimaye mumewe alisema.

Wakavua viatu, wakavua soksi za sufu, wakarudisha viatu kwenye miguu mitupu na kuvuta soksi juu yake ili wasiteleze, kama anavyofanya kila mtu mjini siku barabara zikiganda. Baiskeli waliifunga kwenye nguzo. Popko aliijaribu kufuli mara mbili, maana mji ule una wezi wa baiskeli wasiojali hali ya hewa. Kisha Roelfien akampa kiwiko.

Waliondoka kama watu wanaovuka chumba chenye mtoto aliyelala. Kila hatua aliipima kwanza kwa ncha ya mguu. Aliogopa ukingo wa barabara, aliogopa vivuko, aliogopa mwendesha baiskeli kijana aliyewapita akipiga kengele, na walipofika kona walimkuta amekaa chini akitazama gurudumu lake likizunguka.

"Nani huyo?" Popko aliuliza.

"Mwanafunzi. Kaanguka."

"Kaka, umeumia?"

"Matako tu, mzee."

"Vaa soksi juu ya viatu."

Wakaendelea. Wakamaliza mtaa mzima.

"Jumanne je?" Popko akasema. "Kwaya."

"Tutatembea. Ni dakika arobaini."

"Kwa mwendo huu ni saa mbili."

"Basi tutatoka mapema."

Popko akaguna. Roelfien akatanguliza mguu, akaupima, akausimamisha, na mumewe akafuata.